Mlango wa gereji kugoma kufunga: usinunue mota kwanza

Mkuu pole. Umesema mlango unafunguka freshi ila kufunga ndo mtihani, unashuka nusu unarudi juu, na fundi keshakwambia ununue mota. Subiri kwanza! Mota ikichoka utaiona inahangaika hata kupandisha, haichagui.

Mi ningeanza na yale macho mawili ya sensa huku chini pembeni, kama sentimita 15 toka sakafuni, moja linarusha mwanga usioonekana lingine linapokea, kitu kikikatiza mlango unakataa kushuka. Na kwa vumbi letu hili la Arusha, mara utando wa buibui, yanazibwa fasta. Yangu huku Njiro yalikuwa yanagoma jioni tu, nikahangaika wiki mbili nalaumu umeme, kumbe jua likishuka linapiga moja kwa moja kwenye jicho linalopokea, nikakata kipande cha bomba la plastiki nikalivalisha kama kofia, mpaka leo kimya.

Futa na kitambaa kikavu, cheki vitaa vyake viwake bila kupepesa, ukitikisa waya vikapepesa basi umelegea au panya kapita nao. Halafu bonyeza swichi ya ukutani uishikilie, mota nyingi zitashusha mlango hivyo hivyo, ukifika chini basi ni sensa hiyo.

Rimoti siishuku, ingekuwa betri hata kufungua ingesumbua. Ila fundi akitaka kuziruka sensa mkatalie, si umesema una watoto hapo.