Usiuze kiwanja eti kiwanda kina mkono wa serikali

Mpwa wangu, marahaba. Nimesikiliza ile sauti uliyotuma kwenye kundi la familia, na kwa kuwa mama yako, baba mdogo na vijana wengine wa Kigamboni wanasubiri jibu hilo hilo, nawajibu wote kwa pamoja. Umesema wakala mmoja hapo Kariakoo anakutafutia nafasi ya uchomeleaji kwenye kiwanda cha meli huku Poland. Amekiri kiwanda kina madeni, lakini anasema serikali imekidhamini, kwa hiyo hakiwezi kufa. Unauliza kama muuze kile kiwanja cha Kibada mumlipe ada yake. Na baba mdogo akadakia: wenzetu serikali zao zinamwaga pesa kwenye karakana za meli, sisi pantoni la Magogoni lilipelekwa Mombasa kutengenezwa, kwa nini?

Nianze na kiwanja. Msiuze. Hayo maneno ya "mkono wa serikali", ambayo wakala anayatumia kukutuliza moyo, ndiyo yanayonitia hofu mimi.

Huku kwenye Umoja wa Ulaya serikali hairuhusiwi kukipa kiwanda pesa inavyojisikia. Inatakiwa kwanza ipeleke taarifa Brussels, kwenye Kamisheni ya Ulaya, ingoje kibali. Ikitoa kabla ya kibali, ruzuku hiyo ni haramu tangu siku ya kwanza, na Kamisheni ikiona imevuruga ushindani inaamuru irudishwe yote pamoja na riba, hata kama imeshapita miaka kadhaa. Na usidhani ruzuku ni noti tu. Dhamana ya mkopo benki inahesabiwa. Kodi iliyofumbiwa macho inahesabiwa. Sasa kiwanda ambacho hata mishahara kinalipa kwa kuhemea, ukikiambia kirudishe mabilioni, kitayatoa wapi?

Gdynia si mbali na Gdańsk ninapoishi, treni ya mjini inafika. Kiwanda cha meli cha pale, pamoja na cha Szczecin, serikali ya Poland ilivibeba kwa miaka. Kamisheni ikafungua uchunguzi mwaka 2005. Tarehe 6 Novemba 2008 ikatoa uamuzi: ruzuku ni haramu, zirudishwe. Viwanda havikuwa na uwezo huo, kila mtu alijua. Wakakubaliana mali ziuzwe vipande vipande kwa zabuni, wadai walipwe kinachopatikana, kampuni zifilisiwe. Mwaka 2009 akatokea mnunuzi aliyesemekana ana pesa za Qatar nyuma yake, watu wakapumua. Siku ya malipo ikafika, ikapita, hakulipa. Maelfu ya mafundi wakawa nje.

Nafanya kazi na mzee mmoja aliyekuwa Gdynia wakati ule. Tunakuwa naye ndani ya matangi ya chini ya meli, mwezi Januari, umelala ubavu kuifuata njia ya kuchomelea, chuma kinakunyonya joto mpaka nyonga inakufa ganzi, na bomba la kunyonya moshi linanguruma sikioni hivyo kuongea ni kwa ishara. Habari hizi alinisimulia wakati wa chai. Anasema majira yale ya mwisho walikuwa wanaingia kazini asubuhi kama kawaida, wanavaa, wanapanga vifaa, halafu wanakaa. Hakuna bamba la kukata. Meli hazikuwepo, na wa kuwaambia lini mwisho naye hakuwepo. Yeye alipata fidia, kwa sababu Bunge la Poland lilipitisha sheria Desemba 2008, mtu akapewa kati ya zloti 20,000 na 60,000 kufuatana na miaka aliyotumikia.

Hapo kwenye fidia ndipo nataka unisikilize vizuri, mpwa wangu. Sheria ile iliandikwa kwa waajiriwa wa viwanda vyenyewe. Wewe hutakuwa mwajiriwa wa kiwanda. Utaajiriwa na kampuni ya wakala, ambayo imepewa kipande cha kazi na kampuni nyingine, ambayo ndiyo ina mkataba na kiwanda. Hivyo ndivyo wageni wengi tunavyoingia, Waukraine, Wafilipino, Wahindi, na sisi wachache kutoka Afrika. Kibali chako cha kazi kinafungwa na mwajiri aliyekuombea. Kazi ikikatika, kibali nacho kinayumba, na kitanda vilevile, maana hosteli ni ya wakala. Mimi yalishanifika. Kampuni ndogo niliyokuwa nayo ilinyang'anywa kazi ya sehemu ya mbele ya meli, tukaambiwa Alhamisi, na kabla ya Jumapili kwisha tulitakiwa tuwe tumetoa mabegi. Mshahara wa wiki za mwisho tuliusubiri hadi tukakata tamaa. Kiwanda chenyewe kilikuwa kinaendelea kupiga kazi ng'ambo ya uzio.

Utaniambia viwanda vingine vimepona. Ni kweli, cha hapa Gdańsk kilipona mwaka 2009. Hiki ndicho kiwanda cha Lech Wałęsa, fundi umeme aliyekuja kuwa rais wa Poland, ambapo mgomo wa Agosti 1980 ulizaa Solidarność, chama huru cha wafanyakazi. Nje ya lango namba 2 kuna misalaba mitatu mirefu ya chuma ya kuwakumbuka mafundi waliouawa mwaka 1970. Kama kuna karakana duniani ambayo wanasiasa wangeogopa kuigusa, ni hii. Brussels iliidhinisha ruzuku yake, lakini kwa sharti: kati ya vyelezo vitatu, yaani pale meli inapojengewa kabla ya kushushwa majini, viwili vifungwe. Kwa maana nyingine, hata pale serikali iliposhinda, nafasi za kazi zilipungua. Na bado mwaka 2018 serikali ililazimika kukinunua tena kupitia wakala wake wa viwanda.

Ugiriki ni mbaya zaidi. Kiwanda cha Skaramangas karibu na Athens kiliamriwa mwaka 2008 kirudishe zaidi ya yuro milioni 200. Serikali ikavuta miguu kwa miaka 10, mpaka Novemba 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaitoza faini ya yuro milioni 10, na juu yake zaidi ya yuro milioni 7 kwa kila miezi 6 ambayo ingeendelea kukaidi. Zinalipwa na walipa kodi, wakiwemo mafundi wale wale.

Sasa baba mdogo, nije kwako. Shikamoo. Swali lako ni la haki kabisa, na sitaki mtu asome haya halafu aseme nimepinga serikali kusaidia karakana. Mimi ni fundi, nataka chelezo kiwepo Kigamboni chenye kazi mwaka mzima, na pantoni litengenezwe na mikono ya vijana wetu. Wakorea waliziokoa karakana zao, Umoja wa Ulaya ukawashtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2005 jopo likawakuta na makosa kwenye baadhi tu ya mikopo na dhamana za benki yao ya mauzo ya nje. Madai mazito kuhusu kuokolewa kwa karakana ya Daewoo na wenzake yakatupwa. Karakana zao zipo hadi leo. Kwa hiyo kusaidia si kosa.

Kosa ni pesa kutoka bila mtu wa kuifuata. Wajerumani waliuza karakana za mashariki mwa nchi yao, Wismar na Stralsund, kwa kampuni ya Bremer Vulkan, wakaipa fedha za umma za kuzifufua. Kampuni ikazichota fedha hizo, ikazitia kwenye mfuko wake mkuu na kuziba mashimo ya karakana zake za magharibi, zaidi ya marki milioni 800. Ilipofilisika mwaka 1996, mashariki waligundua kuwa pesa yao ilishaliwa. Kesi dhidi ya wakurugenzi ziliendelea hadi mahakama ya juu ya Ujerumani.

Nanyi mnaovuka Magogoni hebu sikieni hili la Scotland. Mwaka 2015 kiwanda cha Ferguson kilipewa kazi ya kujenga vivuko viwili kwa pauni milioni 97, vyote viwe tayari mwaka 2018. Mwaka 2017 cha kwanza kikashushwa majini mbele ya waziri kiongozi wao, baadhi ya madirisha yakiwa ni rangi iliyopakwa juu ya chuma. Zaidi ya pauni milioni 80 zilikuwa zimelipwa kiwanda kilipoanguka mwaka 2019, serikali ikakitaifisha, na mwenye kiwanda na wakala wa serikali aliyeagiza vivuko wakabaki wanatupiana lawama na madai ya mamilioni. Kivuko hicho, Glen Sannox, kilianza kubeba abiria Januari 2025. Watu wa visiwani walikaa miaka yote hiyo wakibanana kwenye vivuko vichakavu. Ilipokuja zabuni ya vivuko vipya saba vidogo, kiwanda cha serikali kiliomba kikashindwa, na kazi ikaja huku Gdańsk, kwa kampuni ya Remontowa.

Ndiyo maana nasema, baba mdogo, siku mkimpata mbunge pale Kigamboni msimuulize tu serikali itatoa shilingi ngapi. Muulizeni ni nani atapanda kwenye chelezo kuikagua meli kabla malipo ya hatua inayofuata hayajatoka, na kama mkataba utawekwa wazi mwananchi ausome. Sisi hatuna Brussels. Tuna CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, naye anafika baada ya pesa kutumika.

Mpwa wangu, kazi huku zipo, na mchomeleaji mwenye cheti chako cha VETA Chang'ombe akipita jaribio la hapa analipwa vizuri kuliko karakana nyingi za nyumbani. Sikukatazi kuja. Lakini sheria ya Poland hairuhusu wakala kumtoza mfanyakazi ada ya kumtafutia kazi. Gharama halisi kama za viza, vipimo na tafsiri ya vyeti ni jambo jingine. Akidai milioni zake, huyo ni kishoka. Nenda TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, ukaulize kama ana leseni. Kisha mwambie akupe mkataba mzima, na unitumie picha za kurasa zote, si ule wa mshahara peke yake. Nataka nione jina la mwajiri, hosteli inakatwa shilingi ngapi, na nini kinatokea kiwanda kikisimamisha kazi. Mama yako asiende kwa dalali wa viwanja kabla sijausoma.