Uzi ukijikunja chini ya kitambaa, tazama juu

Hapa Moshi, karibu kila anayeanza kushona ananijia na lalamiko lilelile: "Mama, cherehani inafunga uzi chini." Kitambaa juu ni safi, ukikigeuza unakuta rundo la vitanzi. Na wengi wanakuja wameshashika bisibisi na kukaza skrubu ya kesi ya bobini, yaani kikasha kinachobeba kigurudumu cha uzi wa chini, kwa kuwa uchafu umeonekana chini. Sasa badala ya shida moja wana mbili.

Vitanzi vikiwa chini, tatizo liko kwenye uzi wa juu: umelegea, unavutwa wote kwenda chini. Ukiona vidoti vya uzi wa bobini juu ya kitambaa, ndipo useme wa juu umebana mno, au wa chini umelegea. Mshono mzuri ni nyuzi mbili kukutana katikati ya kitambaa.

Kabla ya kugusa tensheni, yaani mbano wa uzi wa juu unaorekebishwa kwa kitufe chenye namba, toa uzi wote wa juu uupitishe upya, na kwanza inua mguu unaokandamiza kitambaa. Mguu ukiwa juu, visahani vya tensheni vinaachana na uzi unaingia katikati. Ukiwa chini vimeshabana, uzi unapita pembeni, na hapo hata uzungushe namba mpaka 9 hakuna kitakachobadilika. Hakikisha pia uzi umepita kwenye ule mkono unaopanda na kushuka. Ukiuruka, vitanzi vinajaa papo hapo. Ukimaliza, shusha mguu na uvute uzi taratibu. Lazima ukatae kidogo.

Usipokataa, kuna kitu katikati ya visahani. Mara nyingi ni vinyweleo vya uzi vilivyoshikana na vumbi, na vumbi letu la kiangazi, hasa kwa anayeshonea barazani, si la kubeza. Inua mguu, pitisha ukingo wa kitambaa cha pamba kwenda na kurudi. Chini kwenye bobini tumia mswaki wa zamani. Usipulize kwa mdomo, unapeleka unyevu kwenye chuma.

Sindano nayo ibadilishe hata kama inaonekana nzima. Kitenge namba 14, jinzi 16, kitambaa chepesi 11. Mfereji mrefu wa sindano uelekee upande unaoingizia uzi, na ubapa wake upande wa pili. Wenye cherehani za Butterfly za miguu wakumbuke hili, maana uzi wao unaingia kutoka ubavuni, si mbele.

Kuhusu uzi wa bei ya chee sina huruma. Una sehemu nene na sehemu nyembamba, na tensheni haiwezi kutulia juu ya uzi wa namna hiyo. Ukiukatia mkononi ukaachia bila kubisha, ubaki wa kutungia shanga.

Baada ya hayo yote ndipo ujaribu tensheni yenyewe. Weka uzi mwekundu juu na wa bluu chini, kunja kipande cha kitambaa kilekile utakachoshona, anzia namba 4, ushone. Bluu ikijitokeza juu, punguza namba. Nyekundu ikijitokeza chini, ongeza. Hatua ndogo ndogo, ukishona kidogo kila mara.

Kesi ya bobini ni ya mwisho kabisa. Kama yako inatoka, ining'inize kwa uzi wake: itulie, na ukiitikisa ishuke kidogo kama buibui. Ikiporomoka, kaza skrubu robo mzunguko tu. Ikigoma kabisa, legeza vivyo hivyo. Weka sahani chini yake, maana skrubu ile ikidondoka sakafuni utaitafuta mpaka jioni. Na bobini iwe ya aina ya cherehani yako, iliyojazwa sawasawa. Hizi za kuazimana na jirani zinafanana kwa macho tu.

Ikikushinda, mpelekee fundi. Lakini beba kile kipande cha nyuzi mbili, kitambaa chako na uzi wako. Akijaribu kwa uzi wake mzuri itashona vizuri mbele yenu wote, utalipa, na ukifika nyumbani utakuta vitanzi vilevile.