Maswali na Majibu: Marekani si kipimo cha kila asemaye Kiingereza

Barua za safari hii zina ugonjwa mmoja. Mtu ameijua Marekani kwa televisheni na kwa ndugu aliyeko Texas, kisha anafunga mizigo kwenda Melbourne au Dublin akiamini mambo ni yaleyale kwa kuwa lugha ni ileile. Wasomaji wangu, kati ya nchi hizo Marekani ndiyo yenye mambo yake peke yake. Tuendelee.

Shikamoo Mwalimu. Nimepata nafasi ya kusoma Melbourne. Rafiki yangu wa Houston ananiambia nikila mgahawani niache asilimia 20 ya bili kwa mhudumu, la sivyo nitaonekana sina adabu. Kwa bajeti yangu hizo ni fedha nyingi. Ni lazima? – Msomaji, Mwanza

Marahaba. Rafiki yako amekwambia ukweli wa Houston. Wewe unakwenda Melbourne.

Marekani, sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri amlipe mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991, kwa hesabu kwamba bakshishi za wateja zitajazia hadi kufikia kima cha chini cha kawaida, dola 7.25. Baadhi ya majimbo, California likiwemo, yameukataa utaratibu huo. Texas bado iko nao. Kwa hiyo mteja wa Houston anayeondoka bila kuacha kitu amekata mshahara wa mtu, na ile asilimia 15 hadi 20 wenyewe hawaiiti ukarimu.

Australia mhudumu analipwa kima cha chini kama mfanyakazi mwingine, tena asiye na ajira ya kudumu kwa kawaida huongezewa asilimia 25 juu yake, kufidia likizo asizopata. Ukiacha chochote watashukuru, usipoacha hakuna atakayekukodolea macho. New Zealand ni vivyo hivyo. Kanada imeiga jirani yake wa kusini. London nako soma bili kabla ya kutoa pochi: mikahawa mingi huwa imeshajiongezea asilimia 12.5, na unayo haki ya kuomba iondolewe.

Hukuuliza, lakini mwambie na yule wa Houston. Bei iliyobandikwa kwenye rafu Marekani na Kanada mara nyingi haina kodi ndani yake. Kodi inakungoja kaunta. Australia, Uingereza, Ireland na New Zealand unalipa kilichoandikwa. Wanafunzi wengi wameaibika mbele ya foleni kwa kuhesabu fedha kamili ya bei ya rafuni.

Mwalimu, kabla sijaondoka nijifunze lafudhi ipi, ya Kimarekani au ya Uingereza? – Nairobi

Yako. Swali hili linarudi kila mara, na linaletwa na mtu ambaye katiba ya nchi yake ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kiswahili. Muda unaotaka kuutumia kupinda ulimi, utumie kusoma mkataba wa chumba utakachopanga.

Ninasoma Leeds, mimi ni Mtanzania. Halmashauri imeleta fomu nyumbani ya kuorodhesha wapiga kura, na mwenye nyumba anasema na mimi nimo. Kaka yangu yuko Ohio, ananipigia simu kila siku: usithubutu, utafukuzwa nchini. Nani mkweli? – Leeds

Wote wawili, kila mmoja kwa nchi anayoishi, na nafurahi umeuliza kabla ya kuitupa fomu.

Uingereza, raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola aliyetimiza miaka 18 na anayeishi huko kwa kibali halali anaandikishwa na kupiga kura, hata ya kuchagua wabunge. Mtanzania, Mkenya na Mganda wamo. Mnyarwanda yumo pia, kwa kuwa nchi yake ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2009. Mrundi na Mkongo hawamo kwenye kura ya Bunge. Siku hizi kituoni unadaiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti yako ya Tanzania inakubalika, maana pasipoti za nchi za Jumuiya ya Madola zimo kwenye orodha yao. Hayo ni mabaki ya dola ya zamani, na ni machache sana kati ya mabaki hayo yanayomfaa mtu wa Leeds mwenye pasipoti ya kwetu. Yatumie. Nawasikia wanafunzi wetu wa huko wakilalamikia ada, kodi za vyumba na masharti ya viza, halafu siku ya kura wamelala.

Sasa kaka yako. Marekani, asiye raia kupiga kura ya rais au ya Bunge la nchi ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1996, na mwenye kibali cha ukaaji wa kudumu hana nafuu yoyote. Wapo waliofukuzwa nchini kwa sababu hiyo. Mtego wenyewe haupo kituoni, upo ofisi ya leseni za udereva: karani anauliza kama ungependa kuandikishwa, mtu anaona adabu kuitikia, anasaini kwamba yeye ni raia, na mambo yameharibika hapo hapo. Kaka yako ana haki ya kuogopa. Ila asiogope kwa niaba yako.

Kwa walioko kwingine: Australia wanaopiga kura ni raia, na tangu 1924 ni lazima kwao katika uchaguzi wa shirikisho, asiyetokea bila sababu hutozwa dola 20. Wanapiga Jumamosi, mara nyingi kwenye shule, na nje kuna watu wanachoma soseji. Kanada ni raia pekee. New Zealand inamruhusu hata mkaaji wa kudumu aliyeishi humo mwaka mzima mfululizo.

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Nimesoma kwamba Uingereza mfalme ndiye mkuu wa kanisa, na Marekani katiba imetenga dini na serikali. Basi Waingereza ndio wacha Mungu kuliko Wamarekani? – Katekista, Iringa

Milele amina. Ungedhani hivyo, na ungekosea.

Uingereza, maaskofu 26 wa Kanisa la Anglikana wana viti katika Baraza la Malodi, sehemu ya Bunge lao, na mfalme hutawazwa na Askofu Mkuu wa Canterbury. Pamoja na hayo, sensa ya 2021 ya England na Wales ilikuta waliojitaja kuwa Wakristo ni asilimia 46.2, chini ya nusu kwa mara ya kwanza tangu sensa ianze kuuliza. Mwanasiasa wa Uingereza anayemtaja Mungu kila hotuba hutazamwa kwa wasiwasi.

Marekani, marekebisho ya katiba ya 1791 yanalikataza Bunge kuweka dini ya taifa. Lakini nchi hiyohiyo mwaka 1956 ilipitisha kaulimbiu ya kumtumaini Mungu, imeichapa kwenye noti, na mgombea urais asiye na dini ana kazi ngumu kweli. Maoni yangu: kanisa linalolelewa na serikali husinzia, na lile linalotafuta waumini kwa jasho lake hujifunza kupiga kelele. Kelele hizo ndizo zinazofika Iringa kupitia satelaiti, na ndiyo maana mnadhani Wazungu wote wanasali hivyo. Binti yako akipelekwa chuo cha Manchester, asishangae kukuta jengo la kanisa limegeuzwa kuwa nyumba za kupangisha.

Binti yangu ni muuguzi, amepata kazi Birmingham. Wakala anadai pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, anasema ni ada ya matibabu ya serikali. Tulipe? – Mama, Morogoro

Hapana, mama. Ada hiyo ipo kweli, na kiasi alichokutajia ndicho hutozwa mwombaji mtu mzima wa kawaida, mwanafunzi akilipa 776. Ila anayekwenda kwa viza ya wafanyakazi wa afya na huduma za wagonjwa amesamehewa. Na wakala wa ajira wa Uingereza haruhusiwi na sheria ya huko kumtoza mtu fedha kwa kumtafutia kazi. Mlipaji ni mwajiri. Mtu aliyechukua ada ya kweli na kumbambikia asiyedaiwa anajua anachofanya. Muombeni stakabadhi na kumbukumbu ya maombi ya viza, muone atakavyokasirika.

Baada ya hapo binti yako atatibiwa kama jirani yake, kwa mfumo ulioanza Julai 1948, ambao daktari hakuulizi kadi ya benki. Kanada ilifika huko kwa kuanzia jimbo moja, Saskatchewan, mwaka 1962, licha ya madaktari wa jimbo hilo kugoma. Mfumo wa sasa wa Australia ni wa 1984. Marekani iliishia njiani: bima ya serikali ya 1965 ni hasa ya waliotimiza miaka 65, nyingine ni ya wenye kipato kidogo, na waliobaki hutegemea mwajiri au mfuko wao.

Likizo nayo ni hivyohivyo. Birmingham, anayefanya kazi siku tano kwa wiki ana siku 28 za malipo kwa mwaka, sikukuu zikiweza kuhesabiwa humo. Marekani, sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi kutoa hata moja. Akisikia rafiki yake wa Dallas anajisifia mshahara, amuulize amepumzika lini.

Nina viza ya Uingereza. Naweza kuitumia kwenda Dublin? Si ni Uingereza hiyohiyo? – Arusha

Nilishalijibu hili, na najua litarudi.

Dublin ni mji mkuu wa Ireland, nchi iliyojitoa chini ya London mwaka 1922, ikajitangaza jamhuri na kuiacha Jumuiya ya Madola mwaka 1949. Ina rais wake, inatumia yuro, imo katika Umoja wa Ulaya na haimo katika eneo la Schengen, zile nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja. Belfast ndiyo iko Uingereza. Mtanzania anahitaji viza ya Ireland, mbali na ile uliyonayo. Kinachowaponza watu ni mpaka wenyewe: hakuna geti wala kizuizi, basi linatoka Belfast na kufika Dublin bila wewe kujua umevuka saa ngapi, isipokuwa vibao vya barabarani vimeacha maili na kuanza kilomita. Ila siku moja moja maofisa hupanda na kukagua, na anayeshushwa ni wewe.

Na ukifika, usimwambie mwenyeji kwamba yeye ni Mwingereza. Ni sawa na kumwambia Mganda kwamba Kampala iko Kenya, isipokuwa Mganda atacheka.

Tumepata kibali cha kuhamia Montreal. Watoto wangu wamesoma shule ya Kiingereza hapa Bujumbura, na Kanada ni nchi ya Kiingereza, kwa hiyo wataendelea tu, sivyo? – Baba, Bujumbura

Sivyo. Montreal iko Quebec, na sheria ya jimbo hilo ya 1977 inawataka watoto wa wahamiaji wasome shule za umma za Kifaransa. Milango ya shule za Kiingereza hufunguliwa hasa kwa ambao mzazi wao alisoma kwa Kiingereza humo Kanada. Anza kuwarudisha kwenye Kifaransa leo. Nyinyi, pamoja na ndugu wa Bukavu na Goma, ndio mlio mbele hapo, na nashangaa watu wanaoificha lugha wanayoijua ili waonekane wa kisasa. Kama Kiingereza ndiyo shida yenu kuu, Toronto na Calgary zipo.

Assalamu alaykum Mwalimu. Niko Perth. Profesa wangu ana umri wa babu yangu na ananitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Natoka Zanzibar, ulimi unagoma. – Mwanafunzi, Perth

Waalaykumu salamu. Mwite hivyo, ndivyo anavyotaka kuheshimiwa. Mwenzako aliyeko chuo cha Marekani asiige, huko wengi bado hutanguliza cheo mpaka waambiwe vingine. Lakini kuitana majina hakukufanyi wewe na profesa kuwa sawa: tarehe ya kukabidhi kazi ikipita, alama zitakatwa kwa tabasamu. Na usijitangazie shahada zako. Usaili wa kazi wa Marekani unakutaka ujinadi. Mwaustralia anayejinadi hutaniwa mpaka akae kimya.

Mimi naenda Auckland. Kuna mwiko wowote? – Tanga

Vua viatu unapokuta vimevuliwa mlangoni, jambo ambalo mtu wa Tanga hahitaji kufundishwa. Kanada pia ni hivyo nyumba nyingi. Lisilokuwepo kwetu ni la meza: usikalie meza, hasa ya chakula, hata ofisini kwa utani. Kwa Wamaori mahali pa chakula na makalio havichanganywi, na desturi hiyo imeenea hadi kwa Wazungu wa huko. Wamaori si pambo la watalii. Mkataba wao na Malkia wa Uingereza ni wa 1840, bado unabishaniwa bungeni na mahakamani, na lugha yao ni rasmi tangu 1987. Jifunze kuyatamka vizuri majina ya mahali. Kwa Mswahili ni rahisi, maneno yao nayo huishia kwa irabu.

Fomu ya chuo cha Marekani inasema mwisho ni 03/04. Ni Machi au Aprili? – Kampala

Machi 4. Wao hutanguliza mwezi. Fomu ikikupa nafasi, andika mwezi kwa herufi.

Mwalimu, kati ya nchi zote za Kiingereza, ipi ina viza rahisi? – wasomaji wengi mno

Sijibu. Mniambie mnakwenda kufanya nini na mna vyeti gani, ndipo tuzungumze. Aliyewaambia ipo nchi rahisi ana ofisi ya kuwauzia fomu ambazo tovuti ya ubalozi inazitoa bure.