Kupima uaminifu wa chombo cha habari: kwa wewe unayeanza

Ukiingia kwenye kazi ya kuvipa vyombo vya habari alama za uaminifu, swali la kwanza litakalokujia ni "hawa wako upande wa nani?" Liweke kando. Chombo kinaweza kuwa na msimamo wa kisiasa unaojulikana na bado kikaripoti kwa uangalifu, na kingine kinachojiita huru kikawa kinapika habari kutwa. Tunachopima sisi ni mwenendo: habari wanazipataje, wanazithibitishaje, na wanafanya nini wakigundua wamekosea. Alama ikitolewa ovyo humwumiza mwandishi mwadilifu au humpa mzushi cheti, kwa hiyo nakuomba uichukulie kazi hii kwa uzito.

Usikae kwenye tovuti unayoipima. Anayeanza hufungua ukurasa wa "Kuhusu Sisi", akasoma maneno mazuri juu ya ukweli na uhuru, akaona nembo iliyochorwa vizuri, akaridhika. Mzushi naye anajua kuandika ukurasa huo. Mwaka 2017 Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza jinsi walivyowafuatilia watu 45 wakipima tovuti: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 (watu wa kazi ya kuthibitisha ukweli wa habari) na wanafunzi 25. Miongoni mwa kurasa walizopewa kulikuwa na za mashirika mawili ya madaktari wa watoto ya Marekani. American Academy of Pediatrics lina makumi ya maelfu ya wanachama. American College of Pediatricians ni kikundi kidogo kilichojitenga mwaka 2002 kwa kupinga wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Kwa macho, kurasa zote mbili zilionekana za kitaalamu. Wasomi wengi walibaki kwenye ukurasa wakiusoma kwa makini, na hapo wakapotea. Wahakiki walitoka mapema, wakafungua madirisha mengine na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu shirika hilo.

Fanya hivyohivyo. Andika jina la chombo ndani ya alama za kunukuu, ondoa tovuti yake yenyewe kwenye matokeo, kisha ongeza maneno kama "mmiliki", "mahakama" au "habari ya uongo". Tafuta anwani yao kwenye ramani. Mwaka 2016, siku chache kabla ya uchaguzi wa Marekani, tovuti iliyojiita Denver Guardian ilisambaza uzushi kuhusu kifo cha mpelelezi wa FBI. Gazeti la jina hilo halikuwapo, na anwani waliyoweka ilimpeleka mtu kwenye eneo la kuegesha magari. Anwani ya tovuti nayo isome herufi kwa herufi. Septemba 2022 shirika la EU DisinfoLab lilifichua kampeni ya Kirusi iliyonakili mwonekano wa tovuti za vyombo vya habari vya Ulaya kama Der Spiegel, Bild, The Guardian na vingine, nembo na rangi zote zikiwa sawa, tofauti ikiwa kwenye anwani tu. Ukiharakisha hapo, utakuwa unampima mwizi wa jina.

Sasa vigezo. Kampuni ya NewsGuard, iliyoanza 2018 na inayovipa vyombo vya habari alama za uaminifu, hutumia vigezo 9 vinavyojumlishwa kufika alama 100. Kutorudiarudia kuchapisha uongo kuna alama 22, kurekebisha makosa 12.5, kutaja majina ya waandishi 5. Uzito haulingani, na ni sawa usilingane, maana jina la mwandishi ni rahisi kubandika, hata la mtu asiyekuwapo. Matangazo yaliyowekewa lebo na maoni yaliyotenganishwa na habari utayaona haraka ukishazoea.

Kwenye masahihisho ndipo ninapotaka utulie. Wanaoanza wengi wakikuta chombo kina orodha ndefu ya masahihisho hukishusha alama, na chombo kisicho na sahihisho hata moja wanakipandisha. Ni kinyume chake. Chombo kinachochapisha habari kadhaa kila siku, mwaka mzima bila kukiri kosa lolote, hakijikagui. Tafuta ndani ya tovuti maneno kama "sahihisho" na "tunaomba radhi". Kila utakalopata, liulize: linasema nini hasa kilikosewa? Lina tarehe? Limewekwa juu au limefichwa mkiani? Je, walichoweka kwenye mitandao ya kijamii nacho kimerekebishwa, au uongo unaendelea kuzunguka huko? Kisha chukua habari iliyozua mzozo, fungua nakala zake za zamani kwenye hifadhi ya Internet Archive, uzilinganishe. Ukikuta aya imebadilishwa kimyakimya, umeona mwenendo wao bila kumwuliza mtu.

Sampuli yako isitoke kwenye habari zilizovuma peke yake. Chagua siku za kawaida na kurasa tofauti, uandike orodha kabla hujaanza kusoma, usije ukachagua zinazothibitisha ulichokuwa unafikiri tayari. Mwenzako apime peke yake, ndipo mlinganishe. Wahusika wapigie simu kabla alama haijatoka, wapate nafasi ya kujibu.

Kumbuka pia kwamba alama ni ya chombo, haipewi habari moja. Wazushi stadi hujaza kurasa matokeo ya mpira na hali ya hewa, vyote kweli, kisha wakapenyeza uongo mmoja. Na chombo chenye alama za juu hukosea. Alama inakuambia ukague kwa ukali kiasi gani, ukaguzi wenyewe unabaki palepale.

Usiwadharau wasomaji wa kawaida. Utafiti wa Gordon Pennycook na David Rand wa 2019 uligundua kuwa wastani wa alama za Wamarekani wa kawaida, licha ya tofauti za vyama, ulikaribiana sana na wa wahakiki. Udhaifu wa wasomaji hao ni kutokiamini chombo wasichokijua, na sisi tunao huohuo. Chombo kidogo chenye waandishi wawili huenda hakina ukurasa wa sera kwa sababu hakuna aliyepata muda wa kuuandika. Mwulize mhariri wanathibitishaje habari, akuonyeshe mfano mmoja, hatua kwa hatua. Majibu yake yaingize kwenye faili pamoja na tarehe, na faili hilo ulifungue upya mmiliki au mhariri akibadilika.