Presha Yangu Ilipanda Nikiwa Nimelala

Juzi dada mmoja wa Jinja aliniandikia: "Mama, kliniki kila mara wananiambia presha iko sawa, lakini naamka na kichwa kizito. Nifanyeje?" Ujumbe huo ulinikuta dukani Kikuubo, jijini Kampala, nahesabu magunia ya sukari, nikaacha kuhesabu. Ni maneno yangu mwenyewe ya miaka mitatu iliyopita.

Nilikuwa nameza dawa kila asubuhi bila kukosa. Nikipimwa saa nne, 128 kwa 80. Siku moja nikasema kichwa kinanigonga kila alfajiri, na mhudumu akanijibu mbele ya foleni nzima: "Mama, unawaza pesa mno." Watu wakacheka. Sijasahau. Kwa neno lile nilinyamaza mwaka mzima.

Aliyenisaidia ni daktari mwingine, ambaye hakuniuliza mimi. Alimuuliza mume wangu: "Anakoroma?" Mzee akainama, akasema, "Anakoroma, kisha ananyamaza kimya, hata naogopa. Halafu anavuta pumzi kwa kishindo." Miaka yote hiyo alikuwa ananistahi, hakutaka kuniaibisha.

Nikavishwa kifaa cha kupima presha kwa saa 24, mkanda mkononi na kisanduku kiunoni. Kilinibana usiku kucha. Majibu: mchana wastani 136 kwa 84, usiku 141 kwa 88. Daktari akanieleza kwamba presha ya mtu anapolala inatakiwa kushuka asilimia 10 hadi 20, na wastani wa usiku ukifika 120 kwa 70 tayari ni presha ya juu. Yangu haikushuka, ilipanda! Watu wa namna hii wako katika hatari zaidi ya kiharusi na ya kuharibika moyo na figo, na kipimo cha asubuhi hakiwaoni.

Nikauliza, kwa nini? Hapo ndipo nilipolisikia neno mkazo wa oksidisho. Mwili ukitumia oksijeni huzalisha molekuli kali, na kwa kawaida huzizima wenyewe. Zikizidi, zinaiharibu nitriki oksidi, ile gesi inayoilegeza mishipa ya damu. Mishipa inabaki imekaza, presha haishuki, na presha yenyewe inazidi kuichosha mishipa ile. Pumzi inapokatika usingizini, kama yangu nilipokuwa nanyamaza baada ya kukoroma, oksijeni inashuka na kurudi mara nyingi kila saa, na kila mzunguko unaongeza molekuli hizo. Watafiti wamezikuta dalili za mkazo huu zikiwa juu zaidi kwa wagonjwa wengi ambao presha yao haishuki usiku.

Basi nikakimbilia kununua vidonge vya vitamini E, vinavyosifiwa kuzizima molekuli hizo. Pesa nyingi, wapendwa. Daktari akaniambia kuhusu utafiti wa HOPE uliochapishwa mwaka 2000: watu zaidi ya 9,000 walio katika hatari ya ugonjwa wa moyo, takriban miaka minne na nusu, na vitamini E haikuwakinga. Msidanganywe na wauzaji wa chupa.

Kilichonisaidia mimi ni kupunguza chumvi, hasa ile ya samaki mkavu na vile vikolezo vya mchemraba, maana chumvi nyingi huweza kuizuia presha isishuke usiku. Nikapunguza kilo tisa. Nalala kiubavu, nakula kabla ya saa moja jioni. Daktari akanibadilishia dawa, na msijihamishie saa ya kumeza kwa kusikia jirani: utafiti wa TIME wa Uingereza, wa watu zaidi ya 21,000, ulitoka 2022 na haukuona tofauti kati ya kumeza asubuhi na kumeza jioni katika kuzuia kiharusi na mshtuko wa moyo.

Wiki iliyopita nilivaa kifaa tena. Mchana 128 kwa 78, usiku 114 kwa 67. Karatasi ile nimeibandika ukutani dukani, nami najivunia. Ninyi wenzangu mnaoamka saa kumi kutafuta karo, mnaotaka kumwona mjukuu akihitimu Makerere, chumvi ipunguzeni leo. Mkianza kuchekwa, ulizeni tena kwa sauti.

Na wewe dada wa Jinja, omba kipimo cha saa 24, na siku ya kwenda kwa daktari nenda na mtu anayelala karibu nawe. Mwambie asikustahi. Kifaa kikikubana saa nane usiku, usikivue.