Pedi za kufua wakati wa masika

SWALI: Shikamoo Shangazi. Binti yangu wa miaka 14 amevunja ungo, na pedi za dukani zinatumaliza fedha. Je, za kitambaa ni salama hapa Pemba, ambako masika hayana jua? Mama, Wete.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni salama, ilimradi zikauke kabisa, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunaona haya, tunazianika nyuma ya mlango, zinabaki na unyevu na harufu ya ukungu, kisha mtoto anawashwa. Ziloweke katika maji baridi, kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye uzi, uzifue kwa sabuni, uzisuuze mpaka maji yatoke meupe, halafu uzianike juani, hata kama ni chini ya kanga nyepesi. Mvua ikishika, zile za pamba tupu zipige pasi ya moto mpaka zikauke ndani. Azibadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6. Kikombe cha hedhi cha silikoni hudumu miaka kadhaa, lakini huvaliwa ndani ya uke na huchemshwa kabla ya kila hedhi, kwa hiyo huo uamuzi mwachie mwenyewe. Ukinunua za dukani, zisitupwe chooni wala ufukweni, kwani zina plastiki.