Re: Mazoezi ya jukwaani yanahesabika kama utafiti wa masters?

Mkuu, umeuliza kama unaweza kujiongoza mwenyewe, utafiti wa masters ukawa kucheza jukwaani badala ya kugawa dodoso. Inawezekana kabisa, ila tafuta swali ambalo mtu wa maktaba hawezi kulijibu akiwa amekaa. "Umuhimu wa ngoma katika jamii" achana nalo, limechoka. Mimi nilichukua mdundiko wa Wazaramo, ile ngoma inatembea barabarani na watu wanaungana njiani, sasa ukiifungia kwenye jukwaa la mita sita inaenda wapi? Wiki mbili nzima tulikuwa tunagonga ukuta tu tunacheka, kumbe jibu ndo lilikuwa humo humo kwenye kugeuka tukifika ukutani.

Simu iweke kwenye kigoda irekodi kila zoezi, halafu andika hapo hapo kabla hujanywa hata maji, maana ukifika geto umeshasahau mguu ulikataa wapi. Daftari langu lina madoa ya jasho na ndo lililoniokoa kwenye utetezi. Watahini wakikwambia huu sio utafiti, waoneshe kazi za kina Penina Muhando na Amandina Lihamba, wale walimu wa sanaa za maonyesho wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), miaka ya 80 walikuwa vijijini wanatengeneza maigizo na wanakijiji wenyewe.